Mtazamaji Pekee wa "Ukuta wa Kati"

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nasema hivyo mapema ili wahusika wasihangaike kunitafuta. Haina jina, haina jirani, na haikupata kutawaliwa na mtu yeyote isipokuwa watu wenye nia njema. Msomaji akiona inafananafanana na nchi anayoijua, kosa ni la nchi hiyo, iende ikajirekebishe.

Nchi hiyo ilikuwa na televisheni moja, ya taifa, nayo ilitosha. Asubuhi ilionyesha Mheshimiwa Rais akizindua bomba la maji. Mchana ilionyesha wananchi wakilishukuru bomba. Jioni wataalamu waliketi kwenye viti vya kuzunguka wakaeleza kwa nini maji hayajatoka, na kwamba hiyo yenyewe ni dalili ya maendeleo, maana nchi zisizo na mabomba hazipati hata nafasi ya kukosa maji bombani. Ilikuwa televisheni ya kuelimisha sana.

Kwa bahati mbaya sheria ilitaka iwe na burudani pia. Basi kila Alhamisi jioni, baada ya habari na kabla ya marudio ya habari, ulichomekwa mchezo wa kuigiza ulioitwa Ukuta wa Kati.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kaka na dada, Hemedi na Zamda, wanarithi nyumba ya mama yao, wanakosana siku ya arobaini ya msiba, wanajenga ukuta katikati ya nyumba, na hawasemeshani tena. Basi, ndiyo hadithi yote. Huyu anapika upande huu, yule anakohoa upande ule. Hakuna anayepigwa kibao. Hakuna mganga, hakuna tajiri wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, hakuna binti anayegundua kuwa mchumba wake ni baba yake mdogo. Sehemu nzima iliweza kupita Zamda akimsikiliza kaka yake anapapasa gizani kutafuta kiberiti, na kiberiti anacho yeye.

Watu walitazama mara mbili, wakapiga miayo, wakarudi kwenye shughuli zao. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Bi Sikudhani, mjane wa Mtaa wa Ushindi, mshonaji wa foronya. Zamani walikuwa wawili, yeye na mumewe, Mzee Bakunda. Ndoa nyingine hugombana juu ya mashemeji. Ndoa hii miaka yote iligombana juu ya Zamda.

"Yule hatamsemesha kaka yake mpaka kiyama," alikuwa akisema Mzee Bakunda. "Ana kiburi cha kwao."

"Na Hemedi kwao ni wapi, si hapohapo?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Mzee Bakunda alifariki na msimamo wake. Alizikwa shauri likiwa halijaamuliwa, na Bi Sikudhani akaendelea kutazama peke yake, akibishana na kiti. Alikuwa akimpenda sana mumewe, na njia pekee iliyobaki ya kuendelea kuzungumza naye ilikuwa ile Alhamisi. Hilo hakumwambia mtu. Lakini mimi nalisema, kwa sababu bila hilo msomaji anaweza kumdhania mtu asiye na kazi.

*

Siku moja Waziri wa Utangazaji na Furaha ya Umma, Mheshimiwa Kitambulio, alilitangazia Bunge kwamba televisheni ya taifa hutazamwa na wananchi wote, usiku na mchana, hata umeme ukiwa umekatika. Wabunge walipiga meza. Mmoja, ambaye alikuwa mgeni na bado hajazoea, aliuliza hilo limejulikanaje. Waziri alimshukuru kwa swali zuri, na jioni yake akaagiza lijulikane.

Katika nchi ile mambo yalijulikana kwa njia moja tu. Kila nyumba kumi zilikuwa na mjumbe, na mjumbe alichungulia madirishani. Vifaa vya kisasa vilikwisha nunuliwa kwa kazi hiyo, vikazinduliwa, vikashukuriwa, lakini mjumbe alikuwa hahitaji betri.

Mjumbe wa Bi Sikudhani aliitwa Bwana Ngwendu, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akichungulia kwa adabu, yaani alibisha hodi kwanza. Alhamisi alipita madirisha yake yote. Wenzake nchi nzima wakapita ya kwao. Majibu yakapanda kutoka mtaa hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, kila ngazi ikiyaongeza kidogo kwa heshima ya ngazi inayofuata, lakini ukweli nao una ukaidi wake. Yalipofika wizarani, washauri walikuta kwamba mchezo wa Ukuta wa Kati una mtazamaji mmoja.

"Na taarifa ya habari?" aliuliza Waziri.

Taarifa ya habari ilitazamwa na yule yule mmoja, kwa sababu alikuwa akiwasha mapema asije akakosa mwanzo wa mchezo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mheshimiwa Kitambulio hakuwa mtu mwingine. Alifikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Kwa hiyo ni kweli wanatazama," alisema. "Nileteeni huyo."

*

Bi Sikudhani aliitwa wizarani kwa heshima zote, kwa gari lenye wanaume wanne wasiozungumza. Wiki ile ilikuwa mbaya sana kwake kuitwa popote. Alhamisi iliyopita, katika sehemu iliyotangulia ya mwisho, Hemedi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, akaweka mkono juu yake, akagonga, akaita kwa sauti ndogo: "Zamda." Hapo picha ikakatika. Bi Sikudhani hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo. Sehemu ya mwisho ilikuwa Alhamisi inayokuja.

"Bibi," alianza Waziri, "nani alikutuma?"

"Kunituma wapi, baba?"

"Kutazama."

"Sikutumwa. Nilikuwa nyumbani kwangu."

"Una wenzako?"

"Nilikuwa naye mmoja. Mume wangu. Amekufa."

Waziri na washauri walitazamana. Ilikuwa wazi kwamba ulikuwapo mtandao, na kiongozi wake amekwisha kutoroka.

"Sasa, unaona nini humo ndani ambacho watu wazima, wenye akili zao, hawakioni?"

Bi Sikudhani aliliwaza swali hilo kweli, kwa kuwa katika miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza. "Naona watu wanaopendana wanavyooneana haya," alisema. "Mimi huwa inaniuma sana, mheshimiwa. Nataka wasemeshane, halafu naogopa wakisemeshana mchezo utaisha."

Mshauri wa sheria aliombwa atafute kifungu. Alitafuta, akarudi mikono mitupu. Kutazama televisheni ya taifa hakujawahi kuwa kosa, kwa sababu hakuna aliyedhani kungetokea. Tena kumwadhibu mwananchi kwa kuitazama kungewatisha wale wengine waliokuwa labda wanafikiria kuanza. Na mtu ambaye serikali haiwezi kumwadhibu, katika nchi ile, ilikuwa lazima imtuze. Katikati hapakuwa na kitu.

"Umeteuliwa," alisema Waziri, "kuwa Mtazamaji Bora wa Taifa. Sherehe ni Alhamisi jioni, katika saa yako ileile, ili tukuenzi ndani ya saa unayoipenda. Itarushwa moja kwa moja."

"Alhamisi ndiyo mwisho wa mchezo, baba. Hemedi amegonga."

"Mwisho utaonyeshwa sherehe ikimalizika. Neno langu hilo."

Bi Sikudhani alimshukuru. Na Waziri, nataka msomaji aniamini, alikuwa na nia ya kulitimiza.

*

Ukumbi wa Taifa ulipambwa kwa vitambaa vya rangi za bendera. Bi Sikudhani alikalishwa jukwaani kwenye kiti kikubwa cha dhahabu, miguu haifiki chini. Kushoto kwake aliketi Waziri. Kulia aliketi Mkurugenzi wa televisheni, Bwana Mpandachalo, msomi aliyebana matumizi ya kituo mpaka watangazaji wakawa wanavaa koti moja kwa zamu.

Katika hafla za nchi ile, msemaji alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Penginepo maneno hayo humaanisha kwamba majina ya wakubwa hayatatajwa, tuingie kwenye jambo. Huko yalikuwa ni tuhuma dhidi yako mwenyewe, na ilikupasa kuthibitisha. Hivyo Mkuu wa Mkoa alisema itifaki imezingatiwa, kisha akawataja wote. Mkuu wa Wilaya akasema itifaki imezingatiwa, akawataja wote, akiongeza na Mkuu wa Mkoa kwa kuwa amemtangulia vizuri. Mwenyekiti wa Wazee, wa Vijana, wa Akina Mama, na wa Waliosahauliwa wakafuata. Kisha akasimama Waziri.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi bila mtazamaji ni sawa na kioo bila uso. Serikali yenu sikivu, iliyo makini, inayoona mbali na karibu kwa wakati mmoja, imehakikisha kwamba mtazamaji anapatikana. Wenzetu wa nchi nyingine wanao wawili watatu, lakini je, wana ubora?"

Watu walipiga makofi. Walikuwa wameletwa kwa malori, na walitaka kurudishwa.

Bi Sikudhani alimwinamia Mkurugenzi. "Baba, akimaliza huyu ndiyo mchezo?"

Bwana Mpandachalo alitabasamu kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. "Mama, nilitaka iwe siri, lakini nakupenda. Sherehe hii yote inarekodiwa, idumu milele. Na unajua inarekodiwa juu ya kanda gani? Ile ile ya sehemu ya mwisho ya mchezo wako. Kanda zetu nyingine zimechakaa kwa mabomba. Hiyo ilikuwa mpya kabisa, haijachezwa hata mara moja."

"Sasa yaliyokuwamo yanakwenda wapi?"

"Yanatoka, haya yanaingia," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Ndiyo sayansi, mama."

"Hakuna nyingine?"

"Nyingine ya nini? Na mtazamaji ni mmoja."

Waziri alikuwa amefika kwenye barabara. Baada ya barabara zingekuja zahanati, na baada ya zahanati shule, na kila neno lilikuwa likikwangua kipande cha Zamda. Bi Sikudhani alikumbuka kaburi la mumewe, na neno ambalo alikuwa amepanga kwenda kumwambia pale Ijumaa asubuhi, neno lolote lile, hata kama ni "ulishinda wewe." Alimvuta Waziri koti. Waziri alidhani anashukuriwa, akaongeza sauti.

Hapa yanibidi nieleze sheria moja. Hakuna kitu chini ya jua la nchi ile kilichoweza kuikatisha hotuba ya waziri: si mvua, si njaa, si msiba wa waziri mwenyewe. Kilikuwapo kimoja tu, nacho ni wimbo wa taifa. Ukiusikia, unasimama ulipo, mkono kifuani, mdomo umefungwa isipokuwa kwa kuimba. Na wimbo ukimalizika, shughuli imemalizika, haifunguliwi tena. Kuna harusi moja ambayo bendi ilikosea ikaupiga kabla ya kiapo. Bwana na bibi wale walirudi kila mtu kwao, na hadi leo wanaomba kibali cha kuoana upya.

Bi Sikudhani alijitelezesha kutoka kwenye kile kiti cha dhahabu, akasimama, akaimba.

Hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na sauti ya mwanamke aliyezoea kumwita mtu aliye nyumba ya tatu. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake, na kwa muda wa mstari huo ukumbi mzima ulipiga hesabu ya kifungo. Kisha watu wa malori wakaelewa kwamba huo ndio usafiri wa kurudi nyumbani, wakasimama na kuuitikia kwa uzalendo ambao haujapata kushuhudiwa tena. Askari wakapiga saluti. Mheshimiwa Kitambulio alikuwa katikati ya neno "zahanati." Alitoa "zaha," akafunga mdomo, akaweka mkono kifuani.

Wimbo ulipomalizika, fundi alizima mashine ya kurekodi, kama sheria inavyomtaka. Walinzi walimsogelea Bi Sikudhani, wakasimama, wakaulizana kwa macho. Mtu akikamatwa kwa kuimba wimbo wa taifa, hati ya mashitaka itasemaje? Waziri alikuwa na mengi ya kusema, na sheria ilimkataza kusema hata moja. Alichukua kanda, ambayo Mkurugenzi alikwisha itayarishia kisanduku cha kioo, akamkabidhi Bi Sikudhani kimya kimya, iwe tuzo yake. Wapiga picha walisema baadaye kwamba hawajapata kumwona ameguswa kiasi kile.

*

Mashine ya kuchezea kanda ilikuwa moja katika mtaa mzima, ofisini kwa mjumbe. Kesho yake Bwana Ngwendu aliibeba mwenyewe begani, akabisha hodi, na safari hii akaingia. Alikaa kwenye kiti cha Mzee Bakunda kabla hajaambiwa. Bi Sikudhani alitaka kumkataza, kisha akamwacha.

Walitazama itifaki ikizingatiwa. Walitazama barabara. Waliimba na wimbo wa taifa wakiwa wamesimama, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na Bwana Ngwendu alijua vizuri madirisha yanavyofanya kazi. Kisha kioo kikajaa chengachenga, na Bi Sikudhani akashika ncha ya khanga yake.

Chengachenga zikatawanyika. Hemedi na Zamda walikuwa wameketi kwenye mkeka, sinia moja la wali katikati yao. Ukuta ulikuwa bado upo nyuma yao, una tundu la ukubwa wa mtu. Walikuwa wakila bila haraka.

"Chumvi imezidi," alisema Hemedi.

"Ndivyo alivyokuwa akipika mama," alisema Zamda. "Kula."

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Bwana Ngwendu alisubiri kidogo kwa adabu. "Kwa hiyo wamesemeshana," alisema. "Ila nani alianza? Alisema nini?"

Bi Sikudhani alikuwa akilia waziwazi, kwa furaha na kwa hasira, na alipopata sauti akakiambia kile kiti, juu ya kichwa cha mjumbe: "Umeshindwa, Bakunda. Umeshindwa, na mimi ushindi wenyewe siutaki. Ningekupa wewe, ili mradi uwepo unibishie."

Mjumbe alitazama sakafu. Alikuwa amechungulia madirisha mengi maishani mwake, na mpaka siku ile hakuwa amewahi kuona kitu asichotaka kukipeleka kwenye kata.

*

Swali la Bwana Ngwendu halikumpa Bi Sikudhani utulivu. Kaka amegonga, kaka ameita, na baadaye kuna tundu na kuna wali. Katikati kulikuwa na neno. Zamda alisema neno fulani, la kwanza baada ya miaka yote ile, na neno hilo lilivunja ukuta. Bi Sikudhani alimtafuta mwandishi wa mchezo, akamkuta amehamishiwa Idara ya Hali ya Hewa.

"Nimekula kiapo cha siri, mama," alisema mwandishi kwa huzuni. "Hata mvua siruhusiwi kuitaja mpaka iwe imekwisha kunyesha."

Waigizaji nao walikuwa chini ya kiapo kilekile. Bi Sikudhani akarudi kwenye kanda. Fundi redio mmoja alikuwa amemwambia kwamba kanda iliyorekodiwa mara mbili haisahau kabisa, sauti ya chini hubaki kidogo, kama harufu ya samaki kwenye sufuria iliyooshwa. Huenda ni kweli, huenda fundi alimhurumia. Bi Sikudhani alipiga hesabu kwamba neno la Zamda lilikuwa chini ya hotuba ya Waziri, baada ya kioo bila uso na kabla ya zahanati. Bwana Ngwendu hakuidai tena mashine ya ofisi. Kila Alhamisi jioni, saa ileile, Bi Sikudhani aliweka kanda, akasogeza kiti, akaegemeza sikio kwenye kioo.

Mambo haya hayawezi kufichika. Akaja mjumbe mpya, kwani Bwana Ngwendu alikuwa ameomba kupumzishwa, naye akachungulia bila kubisha hodi, akapeleka alichokiona. Taarifa ikapanda mtaa, kata, wilaya, na mara hii hakuna ngazi iliyohitaji kuongeza chochote.

Mheshimiwa Kitambulio alikuwa peke yake ofisini alipoletewa. Hotuba zake zilikuwa nyingi, zimejaza kabati, na katika miaka yote ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kumnukulia hata moja. Alimsikiliza mshauri mpaka mwisho, kisha akamwomba arudie.

"Kila Alhamisi?" aliuliza.

"Kila Alhamisi, Mheshimiwa. Hotuba yako, tangu mwanzo. Mara nyingine anarudisha nyuma na kusikiliza tena. Na analia."

Waziri alitoa kitambaa, akafuta miwani, ingawa miwani haikuwa na kitu. Alikuwa mtu mzima, na kwa mara ya kwanza alijisikia kwamba kazi yake haikupotea. Alitaka kujua zaidi, akaona haya kidogo kuuliza, akauliza.

"Anapenda hasa sehemu ipi?"

Mshauri alikuwa kijana mkweli, bado mgeni kazini.

"Pale unaponyamaza kuvuta pumzi, Mheshimiwa."